Marehemu wa Dirisha Namba Nne

"Pole sana, mzee," dada wa dirisha namba nne aliniambia, macho yake bado kwenye kompyuta. "Hapa inaonyesha umekufa."

Nikacheka. Nilidhani ni ule utani ambao watu wa ofisi hufanya ili siku iwaishie upesi. Nyawira alikuwa amenishika kiwiko, na yeye pia akacheka kidogo kupitia puani, vile hucheka akiwa hataki watu wamwone meno.

Yule dada hakucheka. Kibandiko cha kifuani kilisema anaitwa Debra.

"Sio mchezo," alisema. "Tobias Obuya Owuor, namba ya kitambulisho ni hii umenipa. Amefariki mwezi wa sita, mwaka juzi. Aliyeleta taarifa ni mke wake, Philister Akoth."

"Dada, soma tena. Umegeuza. Philister ndiye marehemu. Mimi ndiye nilileta taarifa."

"Mimi sijageuza kitu. Nasoma vile iliandikwa."

"Basi aliyeandika ndiye aligeuza!"

"Hiyo sasa siwezi jua. Kwa sistimu, wewe ndio marehemu, na bibi yako yuko hai."

Hapo ndipo mkono wa Nyawira ulipoachia kiwiko changu. Haukung'oka kwa hasira. Ulitoka taratibu, kidole kimoja baada ya kingine, mpaka nikabaki na baridi mahali ulipokuwa.

"Rudia hapo, madam," sauti nzito ilisema nyuma yetu. Alikuwa Muigai, kaka mkubwa wa Nyawira. "Hapo pa bibi kuwa hai. Rudia polepole."

Tulikuwa tumekuja mjini kuchukua karatasi moja tu. Mchungaji wa Kinoo alikataa kutangaza ndoa yetu kanisani kabla ya kuona cheti cha kifo cha mke wangu wa kwanza, na mama yao Nyawira, Mama Wanjugu, akaongeza masharti yake juu ya yale ya mchungaji. Mama Wanjugu aliniangalia tangu siku ya kwanza kama mtu aliyekuja kusoma mita ya maji. Alimwambia binti yake, nikisikia: "Fundi wa mabomba, ametoka huko upande wa ziwa, ana mtoto, na kaburi la mkewe hakuna mtu wetu ameliona. Karatasi ije kabla ya Jumapili, na Muigai aende aishike na mikono yake. Isipokuja, hiyo maneno imeisha, na usiniletee tena mtu mlangoni."

Ilikuwa Alhamisi. Cheti sikuwahi kukichukua. Nilizika kwa kile kibali cha mazishi, halafu nikarudi kwenye ofisi hii mara mbili. Mara ya kwanza niliambiwa mtandao umeanguka. Mara ya pili mkubwa alikuwa ameenda semina. Nikaacha. Watu wa ofisi ndio waliniulia mke, kule hospitali, nisimame tena kwenye foleni yao wanipe karatasi ya kunithibitishia? Nilikuwa mwenyewe nimeshika kamba tukimteremsha.

"Madam," nilimwambia Debra, "angalia mimi. Marehemu anapumua hivi?"

"Baba, nakuona. Lakini mimi siwezi badilisha na macho." Alivuta karatasi akaandika huku akisema. "Leta barua ya kueleza makosa. Leta kitu ya kuonyesha aliyekufa ni nani, kama picha au programu ya mazishi iliyochapwa. Halafu shahidi mmoja, asiwe wa familia yako, mwenye kitambulisho, atie sahihi kwamba amekuona ukiwa hai. Ukileta, ungoje wiki sita."

"Na nikikosa shahidi?"

"Utaendelea tu hivyo."

"Hivyo vipi?"

Akafikiria kidogo. "Ukiwa marehemu," alisema. "Mwingine!"

*

Nyawira nilimjua kwa matangazo.

Mimi nasimamia fleti moja Kileleshwa, ghorofa sita. Natengeneza mabomba, nafagia, nagombana na wapangaji juu ya takataka. Mwaka jana tangi lilipasuka, ikabidi niandike tangazo. Shule niliiachia darasa la sita, mwandiko wangu ni wa kuku. Nikateremka hadi Hurlingham, pale Argwings Kodhek Road, nikaona kibanda cha kuchapa na kutoa nakala, kimebanwa kati ya duka la dawa na kinyozi. Ndani yake alikaa mwanamke mwenye miwani iliyofungwa sikioni kwa uzi mwekundu.

"Sema tu, mimi nachapa," aliniambia.

"Wapangaji wote. Maji yatafungwa Jumanne. Mkiona hakuna maji msinipigie simu, mimi si mvua."

Akachapa bila kuinua kichwa. Kisha akageuza kiti, akanitazama moja kwa moja, na akanisomea neno kwa neno, hadi lile la mvua. "Sichapi kitu ambayo mwenyewe hajaisikia," alisema. "Ni sawa hivyo, ama nibadilishe?"

Hakuna mtu aliyekuwa amenirudishia maneno yangu hivyo, kama kitu cha kubebwa kwa mikono miwili.

Wiki hiyo niligundua kwamba wapangaji wangu wanahitaji kujua mambo mengi. Takataka. Maegesho. Mbwa wa namba tisa. Kila mara alichapa, akageuza kiti, akanisomea, na kila mara alipofika mwisho tulibaki tukitazamana muda mrefu kuliko tangazo lenyewe. Mpangaji mmoja alinisimamisha ngazini: "Bwana Obuya, hili ni la nne tangu Jumatatu. Na hili linasema maji yapo kama kawaida!" Nikamwambia ni vizuri watu kujua.

Nyawira alijua. Siku moja nilisimama pale bila kusema chochote, na yeye akiwa na vidole juu ya kibodi. "Wapangaji wote," alianza mwenyewe, taratibu. "Msimamizi wenu hana tangazo leo. Amekuja kuniangalia tu." Akageuza kiti. "Ni sawa hivyo, ama nibadilishe?"

"Ni sawa," nilisema.

Mtu wa namna hiyo ndiye aliyekuwa sasa amesimama hatua tatu kutoka kwangu, hanitazami.

*

Muigai alitusukuma hadi kwenye ngazi za nje. Ni mtu mpana, anauza tairi kuukuu pale Kinoo, na akiongea hata barabara inasikia.

"Nyawira, ingia kwa pikapu. Twende nyumbani."

"Muigai, ngoja tusikizane."

"Tusikizane nini? Serikali imesema bibi ako hai. Wewe unataka kuenda kuwa wa pili kwa mtu ya bomba?"

"Shemeji..." nilianza.

"Usiniite shemeji! Hata ufe mara mbili!"

"Mke wangu nilimzika Ugenya, Jumamosi, saa nane mchana," nilisema. "Hawa watu wameandika jina langu mahali pa jina lake. Ni mtu alikuwa anaharakisha kwenda chakula cha mchana! Ndio maana hata laini ya simu ilikataa kusajiliwa, nikaambiwa nina shida ya kitambulisho. Kumbe shida ni kwamba nimekufa, na hakuna mkubwa hata mmoja aliyeona vizuri kunijulisha!"

Mama mmoja aliyekuwa akipanda ngazi alinitazama, akaharakisha.

"Maneno matamu," Muigai alisema. "Ushahidi?"

"Niko na programu ya mazishi nyumbani. Picha yake iko pale mbele, tarehe iko..."

"Programu!" Akapiga makofi mara moja. "Jamani, programu! Kwani dada yangu anafanya kazi gani? Na kompyuta unaweza kuzika mtu yeyote. Unaweza kunizika mimi hapa nikiwa nasimama. Hiyo programu nani alikuchapia?"

"Sijui! Na huyo mtu usinikumbushe!"

Kwa Nyawira hilo halikuwa geni. Nilimwambia mara tatu habari ya yule mchapaji. Baada ya Philister kufa, nilitoka kwenye jumba la maiti nikaingia duka la kwanza nililoona, nikasema maneno yangu ya mwisho kwa mke wangu, yachapwe, mchungaji ayasome. Niliwataja walioniulia mtu. Nilitaka Ugenya nzima isikie. Lakini siku ya mazishi mchungaji alisoma vizuri, akafika mahali pale, akapita moja kwa moja hadi "pumzika kwa amani". Hapakuwa na kitu. Mtu alikuwa amefuta. Nilimwambia Nyawira, tena nikiwa nimegonga meza yake: "Nikimpata huyo, nitamvunja vidole hivyo alivyofutia." Alikuwa ameviangalia vidole vyake mwenyewe, kisha akaniuliza kama ninataka chai.

Sasa pale kwenye ngazi aliviangalia tena.

"Nyawira," Muigai alisema, "gari."

"Ni mimi," Nyawira alisema.

"Ni wewe nini?"

"Programu ya Philister. Mimi ndiye nilichapa."

Kelele zote za mji ziliendelea, lakini mimi sikuzisikia vizuri, kama mtu aliyezamisha kichwa ndani ya tangi.

"Nilikuwa nimeandikwa kazi na Musili, lile duka karibu na jumba la maiti," alisema, akimtazama kaka yake, si mimi. "Alikuja Jumatano amevaa gamubuti za kazi. Nilikuwa nyuma ya mashine, naye alitazama sakafu tu, hakuniona. Alileta picha ya mke wake ameshika kuku, amefunga kitambaa cha manjano. Alikuwa amempata huyo kuku kwa mnada wa kanisa. Nikamwambia alete ingine isiyo na kuku, akasema hapana, siku hiyo alikuwa anacheka." Alitoa simu, akabonyeza, akatafuta, akampa. "Nilijitumia faili. Tarehe ni hiyo hapo. Mtu ako kwa jeneza, Muigai. Kuna picha za mazishi pia, ndugu zake walituma dukani baadaye nitengeneze kalenda ya ukumbusho. Angalia vizuri halafu umwambie Mami."

Muigai alitazama ile simu kwa muda mrefu. Nilimwona akivuta picha kwa vidole viwili iwe kubwa. Midomo yake ilisogea akihesabu tarehe. Akavua kofia.

"Ni yeye huyu?" aliniuliza, kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kutoka kwake. "Pole, bwana."

Nilikuwa namwangalia Nyawira.

"Wewe," nilisema.

"Eee."

"Miezi kumi na moja. Unanichapia mambo ya mbwa na takataka."

"Eee, Tobias."

"Nimekula kwako. Nimekuambia vile usiku huwa kwangu. Na ukaniuliza kama nataka chai!"

"Ungefanya nini ningekuambia?"

"Ningeondoka!"

"Ndio maana," alisema, na hapo tu ndipo aliponitazama. Miwani ilikuwa imemlowa. "Leo ningenyamaza, Muigai angenipeleka nyumbani na ungebaki unanipenda. Nimesema, sasa labda sina wewe. Lakini hakuna mtu atasema Philister yuko hai. Mimi nilimpangia hata herufi za jina lake." Alipangusa miwani kwa ncha ya shati. "Kile nilifuta bado niko nacho, nilikihifadhi kando. Kiko dukani. Ukitaka kukisikia kwanza halafu uondoke, twende."

*

Pikapu ya Muigai ina kiti kimoja kirefu mbele. Nyawira alikaa katikati. Nilijibana mlangoni ili bega langu lisimguse, na yeye alijibana upande wa gia ili lake lisiniguse, na kila tulipopita tuta tukagusana, na kila tulipogusana nikasikia joto likinipanda hadi masikioni, na hasira juu yake. Sikujua mtu anaweza kutaka kumshika mtu na kumwacha kwa mkono ule ule.

Muigai aliwasha redio. Akaizima.

"Kwani hamwezi kugombana?" alisema tulipofika kwenye mzunguko. "Hii kimya inanitoa jasho."

Nikateremsha kioo cha dirisha.

Dukani Nyawira alifungua kufuli, akainua bati la mbele, akawasha mashine. Muigai alisema anaenda kutafuta chapati, ingawa hapakuwa na mtu aliyemuuliza. Tulibaki sisi wawili katika kile kijumba ambacho ukinyoosha mikono unagusa kuta zote mbili. Printa ilikohoa, ikatema karatasi moja.

Aliishika bila kunipa. "Nikusomee? Ndio kawaida yetu."

"Kawaida," nilisema kwa uchungu. "Sichapi kitu ambayo mwenyewe hajaisikia. Mbona hukunisomea siku hiyo?"

"Sikuwa nasomea watu wakati huo." Sauti yake ilikuwa ndogo. "Nilianza baada yako."

Nikamnyang'anya karatasi. "Nitasoma mwenyewe."

Mimi husoma polepole, kwa kidole. Alijua, hakunisaidia.

"Ninawataja waliomuua Philister," karatasi ilisema. "Sista inchaji, mkubwa wa wauguzi, aliyemwacha kwenye benchi kutoka saa nne mpaka saa kumi, akituambia daktari anakuja. Askari aliyesema gari la wagonjwa lipo lakini halina dereva. Na mkubwa wao wote, aliye ofisini, ambaye hakushuka hata ngazi moja."

Ndiyo. Hayo ndiyo niliyoyabeba miaka miwili. Nilihisi kifua kikinijaa kama siku ile. Nikainua macho nimwambie, unaona? Unaona ulichoninyima?

"Endelea," alisema. "Kuna chini."

Nikashuka na kidole.

"Na wa kwanza kabisa ni mimi, Tobias. Alinipigia simu saa mbili asubuhi akasema kifua kinambana. Nikamwambia kunywa maji ya moto ulale, mimi niko juu ya tangi. Akapiga tena saa tatu. Sikushika. Mikono ilikuwa na grisi na mwenye nyumba alikuwa ananitazama. Akatembea peke yake mpaka hospitali, mimi nikamkuta kwenye benchi baadaye. Mungu ataniuliza ile simu. Watu wote wajue."

Nilisoma mara mbili. Nilitafuta mahali ambapo mtu mwingine angeweza kuwa ameongeza. Lakini maneno yalikuwa yangu. Hata "sikushika" lilikuwa langu.

Nilikalia ndoo ya plastiki aliyokuwa anawekea karatasi mbovu, ikapasuka upande.

"Mimi nilisema hivi?"

"Ulisema ukiwa umesimama. Ukaniambia, weka yote, usiache. Nikaweka yote. Halafu ukaketi kwenye kiti cha wateja ukalala, kama mtu amepigwa na kitu."

"Sikumbuki."

"Najua. Mara ya kwanza ulipogonga meza yangu ukasema habari ya benchi, nilingoja ufike kwa simu. Hukufika. Mara ya pili pia. Nikajua umeisahau."

Sikuwa nimeisahau. Nilikuwa nimeifukia, na juu yake nimeweka benchi, sista, askari, mkubwa wa ofisini, mmoja juu ya mwingine, mpaka isionekane. Baada ya mazishi nilibadilisha mlio wa simu yangu. Nilijiambia ule wa zamani ulikuwa mbaya. Ulikuwa mlio mzuri. Saa tatu asubuhi ile ulilia mara saba kabla ya kukatika, nikiwa juu ya tangi, na niliuhesabu.

"Mbona ulifuta?" nilimuuliza. Haikutoka kwa hasira. Nilitaka kujua.

"Nilikuangalia ukilala. Nikafikiria Jumamosi. Nikasoma kwa programu, watoto, mmoja, Valarie, miaka saba. Nikaona huyo mtoto amekaa mstari wa mbele, na mchungaji anamsomea kwamba baba yake hakushika simu." Alivua miwani kabisa. "Ningeacha ile ya hospitali nitoe yako tu, ingekuwa nimekuandikia uongo. Ningeacha yote, ungekufa pale pale. Nikafuta yote. Musili alikuwa ananiambia harakisha, kuna watu wengine na maiti zao. Nikabonyeza."

"Haikuwa yako kufuta."

"Haikuwa yangu."

"Ungeniamsha."

"Ningekuamsha, Tobias. Kila siku naona hivyo." Alivaa tena miwani. "Uliponijia hapa na tangazo la maji nilikujua kabla hujafika mlangoni. Nilitaka kufunga duka. Halafu ukasema wewe si mvua."

Nilicheka. Kilikuwa kicheko kibaya, kilichochanganyika na kitu kingine, na kikaendelea kunitikisa baada ya kuwa si kicheko tena. Nyawira hakunigusa. Alisukuma tu kiti chake na miguu hadi magoti yake yakawa karibu na yangu, akakaa hapo, akingoja. Nilisikia harufu ya wino na ya mafuta anayopaka nywele. Nilitaka kuweka paji la uso langu juu ya yale magoti. Sikuweka.

"Hao wa benchi bado wana makosa," nilisema baada ya muda.

"Wana makosa makubwa."

"Na wewe bado nina hasira na wewe."

"Najua."

"Sijui itaisha lini."

"Wiki sita?" aliuliza, kwa hofu, na midomo ikimcheza kidogo pembeni.

Nilimtazama. Mungu anisamehe, hata hapo, na ile karatasi mkononi, niliona ni mzuri.

"Washa hiyo kitu," nilisema. "Nina barua."

Akageuka, akaweka vidole juu ya kibodi.

"Kwa msajili," nilianza. "Mimi, Tobias Obuya Owuor, wa Kileleshwa, niko hai." Nikangoja amalize. "Aliyefariki ni mke wangu, Philister Akoth. Nilimpenda."

"Hiyo ya kupenda ofisini hawahitaji."

"Weka."

Akaweka.

"Jina lake lirudishwe mahali pake, na langu mahali pangu. Nyinyi ndio mlikosea. Lakini mimi pia nilikaa miaka miwili bila kuja kuangalia. Basi."

Aligeuza kiti. Akanisomea, neno kwa neno, kama siku ya kwanza. Alipofika "niko hai" akayarudia. Alipomaliza hakuuliza kama abadilishe. Alinitazama tu, na mimi nikamtazama, na hapakuwa na tangazo lolote kati yetu.

Muigai aliingia na chapati sita ndani ya gazeti. Alisimama mlangoni, akatutazama mmoja mmoja.

"Mami amepiga simu mara tatu," alisema. "Anauliza mtu amekufa ama hajakufa."

"Jumapili haiwezekani," nilimwambia. "Ni wiki sita. Na bado natafuta shahidi asiye wa familia yangu."

Muigai akatafuna. Akapangusa vidole kwenye suruali, akavuta ile barua kutoka kwa printa, akaisoma yote, akafika "nilimpenda", akakohoa.

"Leta kalamu," alisema. "Nisaini leo, nikiwa bado sio mtu wako. Baadaye sitakuwa na ruhusa." Akaandika namba ya kitambulisho kwa herufi kubwa kubwa, kisha akatoka nje na simu sikioni. Tulimsikia hadi ng'ambo ya barabara. "Mami? Eee. Ako hai. Eee, nimemwona na macho. Karatasi ndio bado. Hapana, bibi ndiye... Mami, wacha nikuambie nikikuja. Sio ya simu."

Nyawira alinyoosha mkono kwa ile karatasi nyingine, iliyobaki juu ya magoti yangu. "Na hii? Faili nifute sasa? Uniambie wewe."

"Usifute." Niliikunja mara mbili, nikaitia mfukoni mwa shati. "Disemba nampeleka Valarie kaburini. Amefika umri. Nitamsomea."

"Nije nikusaidie kusoma?"

"Hapana. Uje ukae karibu. Nitasoma mwenyewe."

Alizima mashine, tukateremsha bati pamoja, na alipokuwa akifunga kufuli nilimpa kiwiko bila kumtazama. Kilikaa hapo hewani kwa muda, na watu wakitupita wakienda nyumbani. Kisha nikasikia mkono wake ukirudi, vidole vyote kwa mara moja, ukakaza.